Kwa Nini Hamjaondoka?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hospitali za Marekani zilikuwa zikikimbiwa na wauguzi wake. Binti anasoma, anapata leseni, anafanya kazi mwaka mmoja au miwili, kisha anaaga: ama anahamia hospitali ya jirani, ama anaacha uuguzi kabisa. Wakubwa walikaa vikao wakiulizana jambo lilelile, kwa nini wanatukimbia, na majibu hayakuwa ya kutafuta mbali. Mishahara ilikuwa midogo. Zamu zilirukaruka, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Madaktari waliwafokea mbele ya wagonjwa. Na muuguzi hodari aliyetaka kupanda cheo ilimbidi amwache mgonjwa kitandani aende kukaa ofisini.

Mwaka 1981 Akademia ya Uuguzi ya Marekani iliunda kikosi kazi, nacho kikaligeuza swali. Margaret McClure, Muriel Poulin, Margaret Sovie na Mabel Wandelt, wote wauguzi, hawakwenda kuwasaka walioondoka. Walitafuta hospitali ambazo katika uhaba uleule zilikuwa na wauguzi wa kutosha, tena waliodumu, wakawauliza: ninyi kwa nini hamjaondoka?

Ninaandika haya nikiwa muuguzi. Nilisomea Tanga, nikafanya kazi wodi ya wanawake nyumbani kabla ya kuvuka bahari, na sasa niko zamu za usiku katika hospitali moja ya Minnesota, ambako ukipita wodini saa nane usiku hukosi kusikia Kiswahili, cha Mkenya ama cha Mtanzania. Huku hospitali hujivunia hadhi iitwayo Magnet, yaani sumaku. Nembo yake hubandikwa mlangoni, kwenye mabango ya barabarani na kwenye matangazo ya ajira. Wenzangu wengi wapya hudhani ni tuzo tu ya kupambia ukuta. Mimi naiheshimu kwa sababu najua ilikotoka, na kwa sababu hiyohiyo hunisikitisha kuiona ikining'inia mahali isipostahili.

Katika utafiti ule, kazi ya kutaja hospitali ilipewa wanachama wa Akademia yenyewe, waliogawanywa katika kanda 8 za nchi. Zilitajwa 165. Ili ichaguliwe, hospitali ilipaswa kuwa mahali ambapo wauguzi wenyewe wanapaona pazuri pa kufanyia kazi. Iwe inaajiri na kubaki na watu wake. Na iwe katika eneo lenye hospitali nyingine za kushindana nayo. Sharti hilo la mwisho lilipangwa na watu waliojua kazi yao. Hospitali iliyo peke yake katika wilaya nzima haiwezi kujisifu kwamba wauguzi wake hawaondoki, maana wataondoka waende wapi? Baada ya mchujo zikabaki 41.

Mwaka 1982 kikosi kazi kikakutana na wauguzi wa hospitali hizo. Kila walipokwenda walifanya vikao viwili: kimoja cha wakuu wa wauguzi, kingine cha wauguzi wa wodini, kila kundi na wakati wake. Yeyote aliyewahi kukaa kikao na matroni anajua kwa nini. Matroni wetu Tanga tulimwita Mama, na tulimpenda, lakini hakuna hata mmoja wetu ambaye angesema mbele yake kwamba zamu zimepangwa vibaya. Kasoro ninayoiona katika utafiti ule ni kwamba wauguzi wa wodini walipendekezwa na wakuu wao, na mkuu akiambiwa alete watu wa kuhojiwa hawezi kumleta mnung'unikaji. Hata hivyo, majibu ya vikao viwili yaliposhabihiana, yalikuwa na uzito.

Ripoti ilichapishwa mwaka 1983. Mishahara ya kushindania soko ilitajwa. Lakini ukiisoma kwa jicho la mtu wa wodini, yanayokugusa ni mengine. Mkuu wa wauguzi alikuwa mtu anayeonekana wodini, na alikuwa na kiti kwenye meza ya juu kabisa ya hospitali, si chini ya mhasibu. Ratiba ya kazi ilijali kwamba muuguzi ana watoto. Wauguzi walitosha, kwa idadi na kwa ujuzi. Muuguzi aliruhusiwa kutumia akili yake katika mambo ya uuguzi bila kuomba ruhusa kwa kila jambo. Daktari na muuguzi walizungumza kama watu wa kazi moja. Mtu aliweza kupanda daraja na bado akabaki kitandani kwa mgonjwa. Mambo hayo yalikuja kupangwa kuwa 14, yakaitwa Nguvu za Sumaku.

Nilikokulia, sifa ya kazi hupewa mtu. Mei Mosi hospitali humtoa mfanyakazi bora, akapewa cheti na bahasha, tukampigia vigelegele, na mara nyingi anastahili. Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, tunawasha mishumaa na kukariri kiapo. Naipenda siku hiyo mpaka leo. Lakini mfanyakazi bora akirudi wodini kesho yake anakuta wagonjwa wawili kitanda kimoja na glavu zimekwisha, na ubora wake unaishia pale nguvu zake zinapoishia. Wanawake wale wanne waliuliza jambo jingine: mpangilio upi wa hospitali humwezesha muuguzi wa kawaida, asiye shujaa, kufanya kazi nzuri kila siku, mwaka baada ya mwaka? Kwangu hilo ndilo jambo kubwa walilolileta, na ndilo linalosahaulika nembo inapobandikwa mlangoni.

Ukitaka kuona mpangilio wa namna hiyo ulivyokuwa, nenda Boston, hospitali ya Beth Israel, miaka ya 1970 na 1980. Joyce Clifford aliyeongoza wauguzi pale aliukubali utaratibu ulioanza kujaribiwa na Marie Manthey na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwishoni mwa miaka ya 1960. Zamani wodi iligawanywa kwa kazi: huyu anapima presha kwa wodi nzima, yule anagawa dawa, mwingine anaogesha. Mgonjwa alishikwa na mikono mingi, na hakuna aliyeweza kusema kwa yakini jana alilalaje. Utaratibu mpya ulimpa kila mgonjwa muuguzi wake mmoja tangu analazwa hadi anaruhusiwa. Muuguzi huyo ndiye anayepanga uangalizi wa mgonjwa, mchana na usiku, hata saa ambazo yeye yuko nyumbani na wenzake wanafuata mpango aliouandika. Daktari akitaka kujua habari za mgonjwa anajua amuulize nani. Clifford aliwapa wauguzi jukumu, akawapa na mamlaka ya kulibeba, na yeye mwenyewe alikaa meza moja na wakurugenzi. Wauguzi walikuja kutoka nchi mbalimbali kuona.

Kisha zama zikabadilika. Kuanzia mwaka 1983 serikali ya Marekani ilianza kuzilipa hospitali bei ya mkupuo kwa kila aina ya ugonjwa kwa wazee walio kwenye bima ya Medicare, badala ya kulipa kila gharama iliyotumika. Hospitali zikaanza kuhesabu siku za kulala na mikono ya kazi. Katika miaka ya 1990 zilikuja bima za kubana matumizi, na hospitali zikaunganishwa. Mwaka 1996 Beth Israel iliunganishwa na jirani yake, New England Deaconess. Hasara zilifuata, na idara ya uuguzi iliyokuwa mfano kwa ulimwengu ikavunjwavunjwa. Mtafiti Dana Beth Weinberg aliandika habari hizo katika kitabu chake Code Green cha mwaka 2003, na kwa muuguzi ni kitabu kizito kukimaliza. Kilichojengwa kwa zaidi ya miaka 20 kilibomoka katika miaka michache, na wauguzi walikuwa walewale.

Katika kipindi hichohicho cha kubana matumizi ndipo hadhi rasmi ilipozaliwa. Mwaka 1990 Chama cha Wauguzi cha Marekani kiliunda tawi la kutoa vyeti, na mwezi Desemba bodi ya chama ikapitisha mpango wa kuzitambua hospitali zenye uuguzi bora, kwa msingi wa utafiti wa 1983. Zile 41 za mwanzo hazikurithi kitu. Kila hospitali ililazimika kuomba upya na kukaguliwa. Ya kwanza kufaulu ilikuwa University of Washington Medical Center ya Seattle, mwaka 1994. Ya pili, mwaka 1995, ilikuwa ya Hackensack huko New Jersey. Mwendo ulikuwa wa polepole, na ungebaki hivyo kama takwimu zisingeingia.

Mwaka huohuo wa 1994 Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha hospitali 39 kati ya zile za mwanzo na hospitali 195 zinazofanana nazo. Vifo vya wagonjwa wa Medicare katika hospitali 39 vilikuwa pungufu kwa asilimia 4.6, hata baada ya kuzingatia ukali wa magonjwa. Hospitali zile zilichaguliwa kwa sababu wauguzi walipenda kukaa, hakuna aliyezichagua kwa vifo vichache. Mwaka 2002 Aiken akarudi na takwimu za hospitali 168 za Pennsylvania: kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7. Nikiwa zamu, msimamizi akiniambia, "Sista, nakuongezea mmoja tu," namba hiyo hunijia kichwani.

Hadhi yenyewe hupatikana kwa kazi ndefu. Mkuu wa wauguzi lazima awe na shahada ya uzamili au zaidi, na tangu mwaka 2013 kila msimamizi wa wodi lazima awe na shahada ya uuguzi au ya juu yake. Yale mambo 14 yalipangwa upya mwaka 2008 chini ya vichwa 5: uongozi, kuwapa wauguzi uwezo, utendaji wa kazi, maarifa mapya, na matokeo. Hicho cha mwisho ndicho kilichobadilisha mchezo. Awali hospitali iliweza kueleza kwamba ina kamati nzuri na mipango mizuri. Siku hizi inaulizwa: wangapi wameanguka wakaumia? Wangapi wamepata vidonda vya kulalia wakiwa mikononi mwenu? Wangapi wamepata maambukizi kwa mpira wa mkojo, au kwa mrija wa kwenye mshipa mkubwa? Wauguzi wenyewe wanasemaje juu ya kazi yao, na wagonjwa je? Takwimu ni za kila wodi, robo mwaka hadi robo mwaka, kwa miaka miwili, na wodi nyingi zaidi ya nusu lazima zishinde kiwango cha kulinganishia kwa robo nyingi zaidi ya nusu.

Nieleze jambo la mpira wa mkojo, maana ndilo nililoshiriki. Mgonjwa akitoka upasuaji huwekwa mpira. Kila siku unaokaa ndani huongeza hatari ya maambukizi. Zamani ulitolewa daktari alipoandika, na daktari alisahau, si kwa ubaya bali kwa sababu si yeye anayemwaga mfuko. Wauguzi wa wodi yetu waliketi, wakasoma tafiti, wakaandika utaratibu: mgonjwa asiye na sababu mojawapo kati ya zilizoorodheshwa, muuguzi autoe mpira bila kusubiri amri. Madaktari wa njia ya mkojo walibisha, yakafanyika mazungumzo, utaratibu ukapita. Maambukizi yakashuka. Kwa wakaguzi kisa hicho kinahesabika mara kadhaa: wauguzi waliliona tatizo, wakaruhusiwa kulishughulikia, daktari akawasikiliza, na grafu ikateremka. Kwangu kina maana ndogo zaidi na kubwa zaidi. Kina mama watu wazima waliacha kupata homa ya mkojo kwa sababu ya kusahauliwa.

Hospitali huandika visa kama hivyo kwa mamia ya kurasa, na hulazimika kuwaajiri watu kwa kazi hiyo tu. Jalada likikubaliwa, wakaguzi huja, nao ni wauguzi. Kabla hawajaja, matangazo hubandikwa kuwaalika wafanyakazi na wagonjwa kuwaandikia kwa siri. Wakifika hutembea wodini, hata usiku, na humwuliza yeyote wanayemkuta. Dada mmoja wa Kisii ninayefanya naye zamu alisimamishwa akiwa na beseni mkononi, akaulizwa: ukiona jambo halifai hapa, unamwambia nani, na nini hutokea? Aliniambia baadaye, "Dada, hilo swali sijawahi kuulizwa na mkubwa yeyote tangu nianze kazi." Alilijibu kwa kirefu, na mkaguzi aliandika. Baadaye tume inayotoa hadhi hupiga kura, na hospitali hupigiwa simu watu wamekusanyika ukumbini. Nimeona wauguzi wazima wakilia kwa furaha, na sikuona ajabu.

Hadhi hudumu miaka 4. Kisha kila kitu huanza upya, kwa visa vipya na takwimu mpya, na katikati ya kipindi ripoti hupelekwa. Asiyeweza kuonyesha kwamba amesonga mbele hunyimwa. Kuipata ni kugumu, ila naona kuitunza ndiko kunakoijaribu hospitali kweli, kwa sababu wakurugenzi hubadilika, bajeti hubanwa, na yule mkuu wa wauguzi aliyepigania ratiba nzuri anastaafu.

Waingereza walilijua hilo mapema. Hospitali ya Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, ilikuwa ya kwanza nje ya Marekani kuipata, mwaka 2002. Wakati huohuo iliunganishwa na hospitali jirani katika shirika moja kubwa, na hadhi haikuendelea. Wengine wamefuata na kudumu zaidi: Princess Alexandra ya Brisbane mwaka 2004, hospitali ya Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut mwaka 2009, Antwerp huko Ubelgiji mwaka 2017. Mwaka 2020 ulianza mradi wa Magnet4Europe, uliounganisha hospitali zaidi ya 60 za Ulaya na wenzao wa Marekani, kila moja na pacha wake. Duniani sasa zenye hadhi ni zaidi ya 600, nyingi mno zikiwa Marekani, ambako bado ni kama moja kwa kila kumi.

Wapo wanaoipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Jarida la U.S. News huipa pointi hospitali yenye Magnet linapopanga hospitali bora, kwa hiyo wapo wakurugenzi wanaoitafuta kwa ajili ya soko. Utafiti wa Alison Trinkoff na wenzake wa mwaka 2010 haukuona tofauti kubwa ya saa na mazingira ya kazi kati ya wauguzi wa hospitali zenye hadhi na zisizo nayo. Vyama vya wafanyakazi vinasema nembo haimpunguzii muuguzi mzigo, sheria ndiyo inayompunguzia, na huitolea mfano California, ambako sheria iliyopitishwa mwaka 1999 iliweka ukomo: tangu 2005 muuguzi wa wodi za kawaida asiwe na wagonjwa zaidi ya 5. Agosti 2023 wauguzi wapatao 1,700 wa Robert Wood Johnson University Hospital ya New Brunswick, New Jersey, hospitali yenye hadhi hiyo kwa miaka mingi, waligoma wakidai idadi ya wagonjwa kwa muuguzi iandikwe kwenye mkataba. Walikaa nje hadi Desemba.

Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kazi mahali penye nembo mlangoni, na usiku mzigo ukawa unaongezeka mgonjwa mmoja mmoja bila mtu kutangaza lolote. Kamati za wauguzi zilikuwepo, zikikutana saa ambazo sisi wa usiku tumelala. Niliondoka. Ila siwezi kusema hadhi ni ya bure, kwa sababu utafiti wa Matthew McHugh na wenzake wa mwaka 2013, uliochukua hospitali 564, ulikuta uwezekano wa kufa ni pungufu kwa asilimia 14 katika zenye Magnet. Wakati huohuo ninakubaliana na wagomaji. Nembo bila ukomo wa mzigo inategemea moyo mzuri wa wakubwa waliopo, na wakubwa hupita.

Wenzangu wa nyumbani huniuliza kwa simu kama hospitali zetu zinaweza kuomba. Nawaambia gharama ni kubwa na masharti ya vipimo ni ya Kimarekani, na kwamba tunayo ya kwetu: Tanzania imewahi kuvipa vituo vya afya nyota, kutoka sifuri hadi tano, kuanzia mwaka 2015. Ukaguzi wa nyota hizo uliangalia mengi ya maana, majengo, dawa, usafi, huduma. Ninachokitamani ni kile kilichofanywa 1982, ambacho hakihitaji nembo. Kila mkoa unazo hospitali mbili tatu, nyingine za misheni, nyingine za wilaya na mbali na lami, ambazo wauguzi wakipangiwa huko hawaombi uhamisho. Maombi ya uhamisho ya watumishi wa halmashauri hupita TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri, kwa hiyo kumbukumbu zipo. Mtu akizichambua kwa kutafuta wanaokaa badala ya wanaokimbia, atapata orodha ya mwanzo. Kisha achukue wauguzi wawili wazoefu, wasiotoka mkoa huo, waende wakakae na wa wodini peke yao, matroni akiwa hayupo chumbani.